Dakika Mbili kwenye Mashine ya Wote

Shangazi mshauri, shikamoo, nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya mashine iliyonyamaza, na nakusihi unishike mkono kabla sijafanya ujinga nikauita mapenzi. Gazeti lako hutoka Jumamosi na kikao chetu ni Jumatatu, kwa hiyo nijibu upesi ukiweza, na ukishindwa nitajua ni mimi niliyechelewa kuuliza.

Mimi ni mtunzaji wa mashine ya NMR katika maabara ya utafiti wa kemia, na najua jina hilo halikuambii kitu kwa hiyo nieleze kidogo, ni sumaku kubwa kama pipa la maji lililosimamishwa juu ya miguu, unaitia sampuli yako ikiwa ndani ya tyubu nyembamba ya kioo, nayo inakuonyesha molekuli yako imejengwaje, atomu ipi ni jirani ya ipi, na bila hiyo mkemia anapika gizani. Mashine ni moja na vikundi vya utafiti ni vinne, kila mtu ana zamu yake, na kazi yangu ni kuijaza naitrojeni isije ikapata joto, kufundisha wageni, kupanga ratiba na kugombana na watu, na hilo la mwisho ndilo linalokula muda zaidi. Wananiita Bi Sumaku, sina ugomvi na jina hilo.

Sasa kuna mwanamume, usicheke. Ni mtafiti wa kikundi cha dawa za mimea, mrefu, mcheshi, na maabara nzima inamwita Dakika Mbili kwa sababu tangu afike hapa hajawahi kumaliza kazi ndani ya zamu yake, muda ukiisha anageuza kiti anakutazama na kusema, "Dakika mbili tu, Bi Sumaku, kuna kitu nakiona hapa," na ukimpa mbili anachukua ishirini, na ukimkaripia anakuletea chai yenye sukari ileile unayoitaka, kikombe kimefutwa mpaka chini. Tyubu zake hafuti hivyo. Nimekuwa nikimpa hizo dakika, Shangazi, nakiri, wengine nawaondoa kwa saa ya ukutani na yeye namwondoa kwa tabasamu, na watu wanaona.

Mwaka huu alinichumbia, na namna alivyonichumbia ndiyo inayonifanya nishindwe kumkasirikia mpaka leo. Kwenye chumba cha sumaku tuna mstari mwekundu sakafuni, ukiuvuka na funguo au saa au kitu chochote cha chuma unatafuta balaa, na siku hiyo nilikuwa ndani napima naitrojeni, akasimama nje ya mstari akaniita, nikamwambia ingia, akasema hapana, toka wewe, nikamwambia nina kazi, akasema nakuomba, nikatoka nimenuna na glavu zangu kubwa mikononi, kumbe ana pete. Akaniambia muuzaji amemwapia kwamba ni dhahabu tupu, lakini yeye hamwamini muuzaji, na hawezi kuingiza kitu asichokijua karibu na sumaku yangu. Nilicheka mpaka nikasahau kujibu, nikajibu baadaye. Wazazi wake wameshakuja kwetu, tarehe imepangwa, na mama yangu anamsifu kuliko anavyonisifu mimi niliyetoka tumboni mwake.

Nije kwenye lililonileta. Kuna dada mmoja hapa tunamwita Mama Pacha, ana mapacha wadogo na ni mwalimu wa sekondari, yuko kwetu kwa likizo ya masomo ambayo inakwisha mwisho wa muhula huu, na shahada yake imebakiza vipimo vichache tu. Laiti watumiaji wote wangekuwa kama yeye, anafika kabla ya zamu, anafuta tyubu kwa karatasi laini mpaka isibaki alama ya kidole, akimaliza anatoa sampuli yake, anarudisha ndani tyubu ya kupimia, ile tunayoiacha kwenye mashine wakati wote ili kuhakikisha inasoma sawasawa, kisha anapangusa meza na kumwita anayefuata. Alhamisi iliyopita zamu ilikuwa yake. Akafungua mashine kwa jina lake, akashuka ghorofa ya chini kuchukua sampuli kwenye friji, maana yake ni sampuli inayoharibika ikikaa nje, na hapo ndipo Dakika Mbili alipopita akaona kiti kitupu, akajiambia yule dada bado yuko kwenye ngazi, ngoja niingize yangu mara moja.

Akatoa tyubu ya kupimia, akatia yake. Sasa jambo la kwanza ninalomfundisha mgeni ni kwamba tyubu ukishaivika kishikio chake unaishusha kwenye kipimo cha kina, ili isitokeze chini kupita kiasi, ni kazi fupi kuliko kufunga kifungo cha shati, na yeye siku zote husema jicho lake ndilo kipimo. Jicho likamdanganya. Tyubu ilikuwa imetokeza mno, hewa inayoibeba ikaiteremsha, ikagonga chini ikapasuka ndani ya probu, yaani kile kifaa cha ndani kabisa kinachoisikiliza sampuli, ambacho ndicho roho ya mashine, na kimiminika chote kikamwagikia humo.

Alinijia palepale, simsingizii. Nilikuwa stoo naandaa chombo cha naitrojeni, akaingia na ile tyubu ya kupimia mkononi, uso umemshuka, akasema, "Nimevunja. Nimevunja probu, nilikuwa kwenye zamu ya Mama Pacha," nami nikamziba mdomo kwa mkono wenye glavu nikamwambia nyamaza, nenda ofisini kwako, niachie mimi, nikamnyang'anya ile tyubu nikaitia mfukoni mwa koti langu. Punde si punde Mama Pacha akapanda na sampuli yake kwenye barafu, akakuta mashine inaonyesha makosa matupu, akaniita, na kabla sijasema neno akasema, "Bi Sumaku, nisamehe. Nadhani ni mimi. Nilibonyeza hewa kabla sijashuka, labda nimeiangusha tyubu ya kupimia humo ndani. Nilikuwa na haraka, mtoto mmoja kaamka na homa." Nami huku naigusa tyubu hiyohiyo mfukoni, nzima kabisa, nikasema, "Tutaangalia."

Probu imetolewa, vipande vya kioo vimeonekana, na jina lililokuwa wazi kwenye kompyuta ni la Mama Pacha. Mkuu wa maabara yuko safarini, amepiga simu amesema Jumatatu watumiaji wote wakutane, na sheria ni ileile, aliyevunja anafungiwa mashine mpaka afundishwe upya na anarudi mwisho wa foleni. Kwa mtu mwingine hiyo ni aibu ya wiki chache, lakini kwa Mama Pacha ni kurudi shuleni mikono mitupu. Amepungua, Shangazi, hata kuimbaimba kwake kwenye ngazi kumekoma, na jana alinikuta koridoni akaniomba radhi tena.

Nimefikiri sana nimepata njia moja. Nitasimama kikaoni niseme tyubu ya kupimia ilikuwa kuukuu, ilikuwa na ufa ambao mimi mwenyewe sikuuona, kwa hiyo si kosa la mtumiaji yeyote. Mama Pacha hatafungiwa, mchumba wangu hatafungiwa, nami nitasemwa kidogo kisha yatapita. Hakuna atakayeumia.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni yeye, Dakika Mbili. Amekuwa bubu. Ijumaa aliniletea chai akaanza, "Kuhusu hicho kikao, mimi nilikuwa nafikiri," nikamwambia kunywa kwanza itapoa, tukazungumza habari za ukumbi wa harusi. Jumapili kwenye simu akaniuliza kikao ni saa ngapi, nikamwambia si lazima aje. Jana nimekuta amefuta jina lake kwenye zamu zake zote za mwezi ujao ameandika la Mama Pacha, nikalirudisha lake haraka watu wasije wakashtuka. Tangu hapo hasemi, hatanii, anakaa ofisini anatazama dirisha. Najiuliza, mtu anayeweza kukaa kimya hivi huku mtu mwingine anabeba mzigo wake, huyu ni mwanamume wa kunioa? Siku tukikosana ndani ya nyumba, atajificha nyuma ya nani? Nampenda mno, na ndiyo maana naogopa. Niseme ule uongo mdogo nimwokoe, halafu nifikirie mambo ya harusi baadaye, au nifanyeje?

Ni mimi, Bi Sumaku, ninayevuta kila kitu mpaka kisichonihusu.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Bi Sumaku, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikaanza kutafuta fimbo.

Nianze kwa kukuambia kwamba habari za molekuli sizijui, na kwa umri huu sijifunzi tena. Lakini mashine ya watu wengi naijua vizuri. Nimeishi miaka mingi kwenye nyumba ya kupanga, familia tano, bafu moja, na jirani yetu mmoja alikuwa na wimbo wake kila asubuhi, "naingia kunawa uso tu," kisha unasikia ndoo ya tatu inamwagwa. Bafu la wote lina adabu yake. Unaingia kwa zamu, unatoka kwa zamu, unaacha sakafu kama ambavyo ungependa kuikuta, na ukivunja ndoo unasema ndoo nimeivunja mimi. Naona sumaku yenu, pamoja na ukubwa wake wote, haijaongeza kitu kwenye sheria hizo.

Sasa twende kwenye swali lako. Unaniuliza kama mwanamume anayeweza kukaa kimya hivi anafaa kuoa. Kimya kipi, mwanangu? Hebu chukua barua yako tuisome wote. Amevunja, akaja mbio akakuambia, tena kwa maneno kamili, nimevunja na zamu haikuwa yangu. Nani alimziba mdomo? Ijumaa akaanza kuzungumzia kikao. Nani alimwambia chai itapoa? Akauliza saa ya kikao. Nani alimwambia asije? Akampa Mama Pacha zamu zake zote za mwezi mzima, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea kuomba dakika mbili ni sawa na kukatwa mkono. Nani alizifuta? Huyu mtu hajanyamaza. Amenyamazishwa, na aliyemnyamazisha ananiandikia mimi kulalamika kwamba mchumba wake ni bubu.

Nilicheka nilipofika hapo, nisikufiche. Kisha sikucheka tena, kwa sababu nilimkumbuka mwalimu mwenye mtoto mgonjwa anayeomba radhi koridoni kwa kosa lisilo lake, na anayeombwa radhi anao ushahidi mfukoni. Hilo si la mchumba wako, Bi Sumaku. Hilo ni lako peke yako, na lingekuwa lako hata kama ungekuwa huna mchumba.

Najua umefanya kwa mapenzi. Nami nakupenda kwa hilo, maana watu wengi huniandikia kuniuliza namna ya kuwatupa wenzao, wewe unaniuliza namna ya kumbeba. Ila kuna kumbeba mtu na kuna kumfunika blanketi ili wageni wasione amelowa. Ukimfunika mume leo, utamfunika mwaka ujao, na siku moja utaamka umechoka, useme mume wangu hajui kusimama mwenyewe, wakati hukumpa nafasi ya kusimama hata mara moja. Hayo ndiyo niliyoyaogopa katika barua yako, wala si ukimya wake.

Huo uongo wa ufa utupe. Unasema hakuna atakayeumia, lakini umesahau kuhesabu. Mama Pacha atamaliza shahada yake akiamini moyoni kwamba karibu aharibu mashine ya wenzake, na mwalimu akiondoka na woga anaupeleka darasani. Na wale wengine watajifunza nini? Watajifunza kwamba tyubu huvunjika zenyewe kwa ufa. Hakuna atakayekumbuka kipimo cha kina, kila mwenye jicho atalifanya kipimo, na hiyo probu mkishaitengeneza mtaitoa tena kabla vumbi la harusi halijatua. Kosa likisemwa wazi linawafundisha watu thelathini kwa bei ya aibu ya mmoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na usidhani mashine hazifi.

Mchumba wako naye asidhani amepona kwangu kwa sababu ana tabia ya kuleta chai. Bwana Dakika Mbili, kama unasoma, na nadhani unasoma, muda wa mwenzako haukuwa mtupu kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Mwanamke yule alikuwa kwenye ngazi na barafu mikononi. Ulisimama nje ya mstari mwekundu na pete kwa sababu hukutaka kuhatarisha kitu usichokijua karibu na sumaku ya umpendaye, na mimi hapo nilikuheshimu sana. Heshima ileile ungempa Mama Pacha, leo tusingekuwa na barua hii. Sumaku si ya Bi Sumaku. Ni ya kila aliyeko kwenye ratiba, na mstari mwekundu wa zamu ya mtu nao haurukwi.

Sasa fanyeni hivi, na msinirudie na "lakini". Leo hii mkishasoma gazeti, nendeni wote wawili nyumbani kwa Mama Pacha. Msisubiri Jumatatu, yule dada asilale usiku mwingine na mzigo usio wake. Msiende mikono mitupu, mtoto ana homa. Mchumba wako aseme alichofanya, nawe useme ulichoficha, kisha mkae muulizwe au mfukuzwe, lolote atakaloamua, msijitetee.

Mpigie pia simu mtunzaji mwenzako wa maabara nyingine yenye mashine kama yenu, nina hakika mnajuana, watu wa kazi za ajabu hujuana. Mwombe nafasi kwa ajili ya sampuli ya Mama Pacha kabla haijaharibika. Omba kwa unyenyekevu, useme kosa ni la kwenu. Mashine yenu ikipona, wa kwanza kuketi ni yeye, na zile zamu ulizozifuta kwa mkono wako uzirudishe kwa jina lake kwa mkono huohuo.

Ratiba ya mchumba wako isiwe tena mikononi mwako, mwombe Mkuu ampe mtu mwingine. Wala usimfundishe upya wewe. Afundishwe na mtu asiyelegea akitabasamiwa, aanze na kipimo cha kina kama mgeni wa siku ya kwanza, afute tyubu kama anavyofuta vikombe vyako. Na wekeni kanuni kwa wote kwamba anayeinuka kwenye kiti, hata kama anakwenda friji na kurudi, anafunga jina lake kwanza. Mama Pacha hana kosa, ila mlango uliachwa wazi, na mlango ukiachwa wazi hata mtu mwema huchungulia.

Harusi isisogezwe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuvunjika kwa probu si mwisho wa uchumba. Huyo mtu atafungiwa mashine kwa muda, atacheleweshwa, atataniwa mpaka kwenye ukumbi wenu, na atakuwa mume mzuri tu. Kama unataka alama ya kumpimia, usitazame pete wala chai. Tazama siku atakaporudishiwa zamu, muda ukiisha, kama atainuka mwenyewe akamwita anayefuata.

Jumatatu ingia kikaoni mapema. Ile tyubu ya kupimia itoe mfukoni, iweke mezani mbele ya Mkuu mahali ambapo kila mtu ataiona kwamba ni nzima. Sema kwamba ulikuwa nayo wewe tangu Alhamisi ile ya ajali, na kwamba ulikuwa ukimpa mtu mmoja muda wa wengine. Kisha kaa, mwanangu, na hapo ndipo kazi yako ngumu itakapoanza, kwa sababu yeye atainuka, atakohoa, atawatazama wenzake wa vikundi vinne, na ninavyomfahamu sasa ataomba dakika mbili tu za kusema jambo. Mpe.